Katika Kristo Hapana Mkwe

Leo nimeaibika mchana kweupe, nikiwa nimevaa kanzu, mbele ya kanisa zima na wavuvi wa Karungu waliokuja kutazama tu. Nawaandikia upesi ninyi wenzangu wa chuo cha Biblia, kabla habari haijapanda basi la Homa Bay kesho asubuhi. Najua ikifika huko itakuwa imeota mkia na pembe. Afadhali muisikie kwangu.

Nianze na Jumapili iliyopita, maana shimo nililoingia leo nililichimba mwenyewe.

Jumapili hiyo Mchungaji alinipa mimbari. Mnanijua nikipewa mimbari. (Mwalimu wetu wa mahubiri alizoea kunivuta koti ili niketi. Huku hakuna wa kunivuta.) Nikahubiri juu ya uhuru. Nikasema tumepandisha bendera yetu wenyewe, lakini mila bado inatutawala. Nikasoma pale mtume anaposema hapana Myahudi wala Myunani, hapana mtumwa wala huru. Watu walikuwa wakiitikia vizuri sana, nami nikanogewa, nikamwongezea mtume maneno.

"Wala mkwe!" nikasema. "Katika Kristo hapana mkwe!"

Amina zikakatika. Kwa wale wenzetu mliotoka pwani na sehemu nyingine za bara, niwaeleze. Kwetu Waluo mama wa mke wako, au wa mchumba wako, ni maro. Maro humpi mkono. Humtazami usoni. Huli naye chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja wenu ataingia kichakani hata kama kina miiba, na mara nyingi ni wewe. Hiyo ndiyo heshima, na mtoto anaijua kabla hajajua kuhesabu.

Mimi nikaiita giza. Nikawakumbusha mama mkwe wa Simoni Petro, aliyekuwa kitandani na homa, akashikwa mkono, akainuka akaanza kupika. "Ukikutana na mama mkwe wako," nikawaambia, "mpe mkono, mwite dada katika Bwana." Mzee Barnaba, mzee wa kanisa anayeketi benchi la mbele, akapiga amina kwa nguvu. (Mama mkwe wa Mzee Barnaba alifariki kabla ya vita. Yeye hakuwa na cha kupoteza.)

Siku iliyofuata Peres alinijia amevimba kwa hasira. Peres mnamjua kwa ile picha niliyowaonyesha mpaka mkachoka: ndiye msichana wa kwaya, mchumba wangu, na harusi yetu ni baada ya mavuno.

"Mama amesikia mahubiri yako," akasema.

"Ameyapenda?"

"Amesema mkono wako ukimgusa, huna mke kwake."

Nikacheka. "Mama yako hata kanisani kwetu haji. Nitamgusa wapi?"

Peres akafungua mdomo, akaufunga, akatazama chini. Nikaona kuna neno limemkwama. Lakini msichana hazungumzi mambo ya mama yake na mchumba wake, hiyo nayo ni heshima, basi akaenda zake. Ningemsikiliza yule msichana vizuri, leo ningekuwa mtu mkavu.

Jambo jingine mlijue. Huyo mama sikuwa nimewahi kumwona uso. Nilikwenda kwao mara moja tu, siku ya kujitambulisha, nikakaa nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Yeye alibaki jikoni. Nilichokijua kwake ni sauti, nzito, yenye kukwaruza kidogo, ikipita ukutani: "Huyo mtu wa Mfangano anakula samaki kama paka. Mwongezeni." Hata jina lake sikulijua. Watu wote humwita Min Peres, mama yake Peres, na mimi sikuthubutu hata hilo.

Sasa leo. Leo ilikuwa ubatizo.

Mchungaji wetu ni Mkuria wa huko milimani juu ya Migori. Ni mtu mwema, ila Dholuo chake kinaishia kwenye salamu na majina ya samaki, kwa hiyo kanisani tunatumia Kiswahili. Asubuhi aliinama kuinua baiskeli yake, kiuno kikamkamata papo hapo. Akaniita.

"Zakaria, kiuno imekataa," akasema. "Mimi nitasema maneno, wewe utazamisha watu."

Ndugu zangu, nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu niletwe Karungu. Nikavaa kanzu ya Mchungaji. Mchungaji ni mrefu, mimi mnanijua. Upindo ulikuwa unaburuta chini, nikaukusanya mkononi kama bibi harusi. Nikajiona Yohana Mbatizaji mwenyewe, ila nimeshiba.

Ufukweni kulikuwa kumejaa. Wavuvi waliacha kurekebisha nyavu zao wakakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Wabatizwaji walikuwa wamepanga mstari. Wengine niliwafundisha mimi, lakini wanawake wa vijiji vya mlimani walifundishwa na mke wa Mchungaji, na leo wamekuja naye, wamevaa magauni ya amerikani nyeupe na vitambaa vilivyoshuka mpaka kwenye nyusi. Niliingia majini mpaka kiunoni. Mchungaji akasimama ubavuni kwangu ameegemea fimbo.

Hapo nikamwona Peres kwenye kwaya. Alikuwa ananipungia kitabu cha nyimbo. Akaonyesha mstari wa wabatizwaji, akaninyooshea kidole mimi, akatikisa kichwa, akakunja mikono kifuani kama msalaba. Moyo wangu ukajaa. Nikasema, huyu msichana anajivunia mchumba wake. Nikainua mkono, nikamtabasamia mbele ya watu wote. Akajifunika uso kwa kitabu. (Nikadhani ni haya za mapenzi.) Kiongozi wa kwaya akamvuta akarudi kwenye mstari.

Wa kwanza walikwenda vizuri kabisa. Kulikuwa na mvuvi mmoja aliyezoea kupiga mbizi, akakaa chini muda mrefu mpaka Mchungaji akaanza kuwa na wasiwasi. Kulikuwa na babu aliyeinuka akiuliza, "Imeisha?" Tukamwambia imeisha. Akauliza tena, kwa kuhakikisha. Mikono yangu ikashika kazi, nikawa nazamisha na kuinua bila hata kufikiri.

Kisha akaja mwanamke mmoja mpana, mrefu kunizidi, macho chini, akitembea majini bila kuyumba. Mke wa Mchungaji akatangaza kutoka ufukweni kwamba huyu amechagua kuitwa Dorkasi.

"Ndugu Zakaria, mpokee," akasema Mchungaji. Akafumba macho, akainua uso mbinguni, kama anavyofanya kila mara kabla ya maneno yale.

Nikanyoosha mikono. Mwanamke akasimama.

"Zakaria mane?" akauliza kwa Dholuo. Zakaria gani?

Ilikuwa sauti nzito, yenye kukwaruza kidogo. Ile ya ukutani.

"Wa Mfangano," nikasema.

"Wa Peres?"

"Wa Peres, maro."

Sasa ngoja niwaambie kilichotokea kwa mahubiri yangu. Yalikimbia. Yote, na mtume wake, na bendera. Sikufikiri lolote juu ya giza wala nuru. Mikono yangu ilirudi yenyewe nyuma ya mgongo kabla sijaiamuru, na macho yangu yakatafuta kichaka, na ndani ya ziwa hakuna kichaka. Nikarudi hatua moja, yeye naye akarudi moja. Tukawa tunatazama maji, kila mtu upande wake, na kati yetu pakapatikana nafasi ya kupitisha mtumbwi.

Mchungaji hakujua. Alisikia Dholuo, akadhani namtuliza mama anayeogopa maji. Basi akaanza, macho yamefumbwa, kwa ile sauti yake inayofika ng'ambo ya ghuba.

"Dorkasi, kwa imani yako, nakubatiza kwa jina la Baba..."

Nikarudi hatua ya pili. Ule upindo wa kanzu nilikuwa nimeuachia zamani ili nipate mikono ya kazi.

"...na la Mwana..."

Nikakanyaga kanzu.

"...na la Roho Mtakatifu."

Nikaenda chini. Si nusu, ndugu zangu, mzima, chali, miguu juu, ubatizo kamili ambao hata wale wanaotubishia juu ya maji machache wasingeupatia kosa. Maji yakaingia puani yakatokea sijui wapi. Nilipoinuka nikasikia kanisa likisema amina kwa mazoea, na kwaya imeanza wimbo wa kuwapokea waliobatizwa. Mchungaji, macho bado yamefumbwa, akanyoosha mkono wake, akapapasa, akakipata kichwa changu.

"Enenda kwa amani, Dorkasi," akasema.

Halafu akafumbua macho.

Kwaya ilikatika sauti moja moja mpaka akabaki mzee wa besi, ambaye hutazama kitabu tu. Naye akanyamaza. Katika ule ukimya mvuvi mmoja juu ya mtumbwi akasema taratibu, "Huyo mama iko na ndevu."

Nilitamani nirudi chini nikae huko na kambare.

Lakini msidhani hiyo ndiyo aibu. Aibu ilikuwa inavua viatu ufukweni ili isogee karibu. Jina lake Mzee Barnaba.

"Mhubiri!" akaita. "Mbona unaacha mama? Mshike uzamishe."

Nikasema, "Mzee, huyu ni maro."

"Ulisema katika Kristo hapana mkwe."

"Nilisema."

"Basi shika."

Watu wote walinitazama. Nilimwona Peres, kitabu kimeshuka, amekaza macho kwangu. Nikajua nikinyoosha mkono sina mke, na nisiponyoosha sina mahubiri. Lakini si hilo tu lililonizuia, na hapa nasema kweli tupu. Niliona haya kwa ajili ya yule mama. Alikuwa ametoka mlimani tangu alfajiri kumtafuta Mungu, amesimama na gauni lililolowa, na mtu aliyewekwa ampokee ni yule mmoja asiyetakiwa hata kumtazama. Tena wanamgombania kama ni swali la mtihani. Mimi ndiye niliyelitunga swali hilo, siku niliyoshangiliwa.

"Siwezi," nikasema.

"Sema kwa sauti," akasema Mzee Barnaba. (Anasikia vizuri. Alitaka wengine wasikie.)

"Siwezi, Mzee. Nilihubiri vibaya."

Mzee hakuniachia. Akainua Biblia yake. "Hata mkwe ya Petro ilishikwa mkono! Wewe mwenyewe ulisoma!"

Hapo ikaja ile sauti nzito, safari hii kwa Kiswahili, ili Mchungaji naye apate.

"Mwenye alishika ni Yesu," akasema mama. "Petro alishika? Nionyeshe mahali imeandikwa Petro alishika."

Mzee Barnaba akafungua Biblia, akalowesha kidole, akaanza kutafuta. Nadhani bado anatafuta.

"Mimi sitoki kwa maji," mama akaendelea. "Nimeacha tumbaku. Nimeacha pombe ya mtama, na mimi ndio nilikuwa napika tamu kuliko wote. Nilikuja kubatizwa na mtanibatiza. Lakini huyu hapana."

Mchungaji akageuka polepole, kwa ajili ya kiuno, akaomba aelezwe. Akaelezwa na watu kumi kwa pamoja. Akashika kichwa.

"Lakini hata sisi Wakuria mkwe ni mkwe," akasema. "Mbona hamkuniambia kuna mkwe hapa?"

"Mhubiri alituambia hiyo maneno imekwisha," akajibu Mzee Barnaba, bila kuinua macho kwenye Biblia.

Nilichoweza kufanya nikakifanya. Niliwapa mgongo wote, nikatembea mpaka kwenye mafunjo, nikasimama hapo nikilitazama ziwa kama korongo anayengoja samaki. Kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia tu, sikuyaona. Nilisikia maji yakikatwa na mtu anayekuja, na Mzee Barnaba akisema mwanamke habatizi, haijapata kutokea. Kumbe mke wa Mchungaji amejifunga leso kiunoni na kuingia.

"Mimi nasema, yeye anazamisha," Mchungaji akamjibu. "Hata kwangu nyumbani ni hivyo."

Wanawake wakacheka. Mzee akatafuta pingamizi jingine. "Na jina? Dorkasi imeshatumika."

Kweli ilikuwa imetumika. Mchungaji akamuuliza mama kama angependa Lidia, au Eunike, majina mazuri ambayo hayajaguswa na mtu.

"Nilifundishwa hiyo," akasema mama. "Tutakuwa wawili."

Nikasikia maneno yakisemwa, kisha mshindo wa maji, kisha amina, na hii haikuwa ya mazoea. Vigelegele vikapanda. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mafunjo na machozi yananitoka, na ninashukuru kwamba mtu aliyelowa hakuna anayemwuliza. Nilikuwa na furaha kwamba amebatizwa. Nilikuwa na hofu pia, kwa sababu yule mama alikuwa bado hajasema neno juu yangu.

Alilisema akitoka. Hakulisema kwangu, maana haisemwi hivyo. Alisimama ufukweni akaongea na Peres, kwa Dholuo, kwa sauti ya kufika kwenye mafunjo.

"Mwambie huyo Dorkasi mwingine atoke kwenye matope. Kichocho hakijali mhubiri."

Peres akasema, "Ndiyo, mama."

"Mwambie mahubiri yake niliyasikia, nikasema mtu huyu hataingia kwangu. Leo nimeyaona yakirudi nyuma mpaka yakaanguka. Anayejua kurudi nyuma namna ile amelelewa na watu."

"Ndiyo, mama."

"Siku ya harusi ni ileile. Akae upande wake, mimi upande wangu. Akiwa na shida ya haraka, atume watu waseme Dorkasi ananiita. Mwanamke mwenzangu sina sababu ya kumkimbia."

Nikasikia nyayo zao zikienda. Nilikaa kidogo ndipo nikageuka, nikakuta ufukwe umebaki wavuvi tu, nao walikuwa na huruma, wakajifanya wana kazi na nyavu. Yule aliyetaja ndevu akanisaidia kukamua kanzu.

Sasa jua linazama, kanzu ya Mchungaji iko kwenye kamba, nami nimevaa shuka. Nimekuwa nikifikiri. Bado naamini kuna mila za kuachwa, na nitazihubiri. Lakini nitawauliza kwanza wanaoishi ndani yake, hasa wanaoingia kichakani, kama wanaona ni giza au ni heshima. Mama yule ameingia majini na heshima yake na ametoka nayo, na sikuona Roho Mtakatifu akilalamika. Mimi niliyekuja kumwondolea ndiye niliyezama. Nimemwomba Mungu msamaha, na kesho nitamwomba Mchungaji msamaha kwa ajili ya kanzu, maana imechanika chini.

Peres alipita hapa kuniletea uji. Alijitahidi sana asicheke, akafaulu mpaka mlangoni. "Kwaya wanauliza," akasema, "ntaolewa na Zakaria ama Dorkasi?" Kisha akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka naye, kwa sababu alikuwa bado ni mchumba wangu.

Basi harusi ipo, na nyote mmealikwa. Njooni na vyombo vya muziki, njooni na njaa, samaki wapo. Ombi langu ni moja tu. Mkishuka kwenye basi hapa Karungu, mbele za watu, asiwepo hata mmoja wenu wa kunipa mkono na kuniambia, "Bwana asifiwe, dada."